Furushi Ngazini

Kwanza ulihama mkasi. Bustamam aliutia kwenye mfuko wa plastiki, akaubeba kama mtu anayekwenda kununua pilipili, akaupeleka nyumbani kwa dada yake ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Juma lililofuata zikahama nyuzi zake za dhahabu, kisha kofia yake ya Ijumaa, kisha viatu vya kuendea mjini. Alihama kama panya anavyohamisha mchele, punje kwa punje, akidhani hakuna anayemwona.

Kwetu Minangkabau nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na nguo zake tu, na hukaa kwa heshima zote, lakini ukuta, paa na mpunga ulioko ghalani ni vya mke na mama yake na mama wa mama yake. Wazee husema mume ni majivu juu ya kisiki. Upepo ukivuma hayapo. Na mke akishamchoka mumewe hana haja ya kugombana naye. Humwekea furushi lake ngazini. Mume akirudi akalikuta, hulichukua akaenda zake kwa dada yake, na hakuna mwanamume mwenye haya anayepiga hodi kuuliza kulikoni.

Bustamam alikuwa akilingoja furushi hilo tangu mvua zilizopita. Na kwa kuwa hakutaka aibu ya kulikuta kubwa, alikuwa akilipunguza mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa makoti ya mahameli wanayovaa mabwana arusi. Siku aliyomwoa Darnelis, Nelis kwa kifupi, ukweni walimpa jina la Sutan Mudo, yaani Sutan Kijana, na kwa desturi wakwe hawamwiti kwa jina jingine mpaka kufa. Jina lilimkaa vizuri enzi za nywele nyeusi. Sasa ana wajukuu, na mama mkwe wake, Mama Kamsinar, bado humwita, "Sutan Mudo, njoo ule!" Tangu alipopasuliwa, kila akiitwa hivyo alihisi anasutwa.

Alipasuliwa tezi dume. Saratani ilionekana mapema, ikatolewa yote, na daktari akampa mkono kama mtu aliyeshinda mbio. Mkojo uliomsumbua mwanzoni ukatulia. Akarudi kwenye cherehani yake. Kila mtu akasema alhamdulillahi, naye akasema pia, tena kwa moyo mmoja. Ila jogoo hawiki, na mtu mwenye jogoo asiyewika huona kijiji kizima kinasikiliza ukimya wake.

Si kwamba hakuambiwa la kufanya. Daktari Hendrizal alimweleza yote bila kupepesa macho. "Mishipa ya fahamu inayoamsha uume inapita ubavuni mwa tezi, huku na huku. Niliitenga taratibu, sikuikata, lakini imeshtuka. Imelala. Inaweza kuamka baada ya mwaka, pengine miwili, pengine isiamke yote. Sasa hatukai bure tukiingoja."

Akamuuliza kwanza kama anatumia ile dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, maana hiyo na tembe atakazompa zikikutana zinaweza kumuua mtu. Hatumii. Basi, akasema, kuna tembe. Tembe zikishindwa kuna pampu: mrija mpana wa plastiki, unatolewa hewa ili damu ivutwe, kisha uume unavishwa mpira wa kuizuia damu isirudi, nao mpira uvuliwe kabla ya nusu saa kwisha. Kuna sindano nyembamba ya kujidunga ubavuni mwa uume, ambayo inatisha zaidi kuisikia kuliko kuichoma. Na mwisho kabisa, kwa anayetaka, kuna upasuaji wa kuwekewa vijiti ndani.

"Lakini dawa ya kwanza hukuja nayo, Sutan," daktari akasema. "Mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anafuma."

"Safari ijayo njoo naye. Haya ni mambo ya watu wawili. Mimi siwezi kumtibu mtu nusu."

Bustamam akaitikia kwa kichwa. Akarudi na tembe na pampu, wala hakumwambia mkewe neno. Mficha uchi hazai. Wanaume wote wanaijua methali hiyo tangu utotoni, na kila mmoja anadhani ilitungwa kwa ajili ya jirani yake.

Tembe aliimeza siku aliyopika Nelis rendang ya sherehe. Alikula nyama ile yenye tui na mafuta mpaka akalegeza mkanda, akameza tembe, akaenda chumbani kukaa ukingoni mwa kitanda peke yake, mikono magotini, akiingoja kama anayengoja basi. Hakumgusa mtu, wala hakuguswa. Alichopata ni kichwa kuuma na uso kuwa mwekundu. Nelis alipoingia akamuuliza kama ana homa.

"Ni moto wa jikoni," akasema, na jikoni alikuwa hajakanyaga siku nzima. Akageukia ukutani. Palepale akahukumu kwamba dawa haifai, naye hafai.

Pampu hata hakuijaribu. Alifungua boksi, akautazama ule mrija, akaona haya mbele ya kipande cha plastiki. Boksi lenye picha akalichoma moto, na pampu yenyewe akaifukia chini kabisa ya sanduku la vipande vya mahameli.

Tangu walipooana, Nelis alikuwa na desturi ya kulala paji la uso likiwa limeegemea mgongo wa mumewe. Bustamam alilipenda joto lile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho duniani. Sasa kila Nelis akisogea, yeye alijivuta kwa ukuta, akihofia kwamba joto hilo likiendelea litaomba kitu asichonacho. Alimpenda mke wake mno, na aibu yake ilikuwa kubwa kama upendo wenyewe. Heri niondoke mwenyewe, alijiambia, kabla hajaanza kunihurumia.

"Uda, ule mkasi wako mkubwa uko wapi?" Nelis aliuliza siku moja wakila, akimwita "kaka" kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao. "Nilitaka kukata uzi wa kitambaa ninachofuma."

"Nimeupeleka kunolewa."

"Na kofia ya Ijumaa, nayo imepelekwa kunolewa?"

Mama Kamsinar akacheka mpaka wali ukampalia. "Mwache mwenzio. Sutan Mudo anajipamba. Labda kapata mke mdogo huko sokoni!" Akanyoosha mguu, akalisugua goti lake bovu. "Akimpata aje na huku, anisaidie kupanda ngazi."

Bustamam akainamia sahani. Nelis hakucheka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa akitafuta pale uzi ulipokatika, kisha akamwongezea mchuzi.

Siku ya soko, Bustamam alikwenda kununua uzi akarudi kabla ya adhuhuri. Ngazini alikuta godoro limekunjwa, na juu yake furushi limefungwa kwa kitambaa cha batiki, fundo juu ya fundo. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakicheka na kuburuta vitu sakafuni.

Alisimama chini ya ngazi. Alikuwa amejiandaa kwa miezi, na kumbe kwa jambo kama hili mtu hajiandai. Alitazama mlango, akangoja pengine Nelis atatokea aseme hata neno moja, na hakutokea mtu. Jirani aliyekuwa akianika mpunga akamsalimu. Akamwitikia, hata akamuuliza hali ya watoto. Kisha akaliacha godoro, maana godoro ni la nyumba, akalitwaa furushi. Lilikuwa zito kuliko alivyotazamia. Kumbe nilikuwa bado na vitu vingi humu, akawaza, na wazo hilo ndilo lililomtoa machozi.

Dada yake Rosmaini, mjane, alimkuta amekaa barazani kwake, furushi mapajani.

"Leo umeacha kuiba kidogokidogo?" akamtania. Kisha akauona uso wake. "Kuna nini?"

"Lilikuwa ngazini, dada."

"Umeuliza?"

"Haliulizwi."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Kakutukana?"

"Nelis? Hajawahi."

"Sasa furushi limetoka wapi, mbinguni?"

Bustamam akasema na sakafu, maana kwa uso wa dada yake asingeweza. "Mimi si mume tena, dada. Tangu hospitali. Sina ninachokwenda kufanya kwenye nyumba ya mke."

Rosmaini alimsogelea. Alikaa karibu naye, akatengeneza kanga yake, akaitengeneza tena. "Marehemu shemeji yako alikuwa na kisukari," akasema. "Miaka yake ya mwisho ilikuwa hivyohivyo. Wewe ulijua?"

"Sikujua."

"Hakuna aliyejua. Wala sikumwekea furushi. Leo hii wangenirudishia yule mwanamume, hata awe analala kama gogo mpaka asubuhi, ningempigia vigelegele kuanzia barabarani." Akajifuta pua. "Nyinyi wanaume mnajithamini kwa kipande. Haya, kale. Kuna samaki."

Hakula. Baada ya alasiri wakasikia sauti za wanawake ukingoni mwa mashamba. Mbele alikuja Mama Kamsinar, akichechemea, chini ya mwavuli, mkononi kashika sinia la shaba la tambuu lililofunikwa kitambaa cha tarizi, vilevile kama upande wa mke wanavyokwenda kumchukua bwana arusi. Nyuma yake alikuja Nelis. Alivaa blauzi ya mama yake, pana kama gunia, mikono kaikunja mara kadhaa.

"Hodi, wenye nyumba! Tumekuja kumtaka bwana arusi wetu," Mama Kamsinar akasema kwa sauti ya sherehe. Akaliweka sinia mbele ya Rosmaini, naye Rosmaini, ingawa haelewi kitu, akajua kinachotakiwa, akachukua jani la tambuu akatafuna.

Bustamam akainuka, akakaa, akainuka tena. "Mama, mimi..."

"Wewe kaa. Kabla sijasema la heshima nitasema la hasira. Sutan Mudo, umeiba nguo za mwanangu. Fungua hilo furushi."

Alilifungua fundo baada ya fundo. Juu ulikuwepo msuli wake. Ndani ya msuli, imekunjwa pamoja nao, nguo ya kulalia ya Nelis. Chini yake mito miwili, wake na wa mkewe, kisha nguo ya Nelis ya kuswalia, kisha blauzi zake zote.

"Uda," Nelis akasema, "mwanamke anayemfukuza mumewe hujifukuza na yeye?"

Bustamam aliuinua mto wa mkewe. Akabaki ameushika.

"Nimetoka kuoga nimejifunga kanga, nakuja kuchukua nguo, furushi hakuna! Jirani ananiambia mumeo kalichukua, kapita na machozi. Nitazame. Nimevuka mashamba yote haya nimevaa hema."

Rosmaini ndiye aliyeanza kucheka, na tambuu mdomoni, na Nelis akafuata, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulikuwa tunahamisha chumba, vitu tukavitoa ngazini ili tufagie," Mama Kamsinar akasema. "Unajua wewe chumba cha mwisho ni cha nani."

Alijua. Kwetu chumba cha mwisho, kilicho mbali na jiko, ni cha bibi arusi mpya. Binti mwingine akiolewa, waliokuwemo husogea mlango mmoja kuelekea jikoni, na hivyo hivyo, mpaka uzee unakukuta ukilala karibu na sufuria. Bustamam na Nelis walikuwa wamekwisha kufika kwenye sufuria siku nyingi. Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu tangu mpwa wa Nelis alipomfuata mumewe mjini Pekanbaru.

"Chumba kile ni cha maarusi, mama," Bustamam akasema kwa unyonge. "Sisi si maarusi."

"Mimi ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye nasema nani arusi. Mtu amefika mlangoni pa kifo akarudi, huyo si mpya? Au unataka upya gani?" Bibi kizee akapandisha kanga mpaka gotini. Pale pana alama ya duara, ya zambarau, pana kama mdomo wa kikombe. "Na jambo jingine. Ile hijama yako iliyokuwa kwenye sanduku la mahameli haina faida yoyote."

Bustamam akahisi damu yote imempanda masikioni.

"Nilikuwa natafuta kipande cha kushonea mto, nikaikuta. Nikasema, loo, mkwe wangu kanunua chombo cha hijama, chuku ya kuumikia, na hanionei huruma na goti hili. Nikaipachika. Nikapampu mpaka macho yakanitoka! Nikimsimulia mtu atasema napiga chuku, na chuku kweli niliipiga. Alama imeshika, maumivu yako palepale."

"Nikaipeleka kwa muuguzi wa zahanati," Nelis akasema, "nikamwambia mama anaomba kuonyeshwa namna ya kuitumia. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafunga mlango, akanieleza. Kila kitu, Uda. Tembe, hiyo pampu, sindano. Alinieleza vizuri, wala hakuona haya."

"Nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni," Mama Kamsinar akasema, akishusha kanga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Basi. Sitalisema tena mpaka nazikwa." Akajifunika mdomo kwa mtandio, maana hata yeye mwisho haya zilimfika. "Rosmaini, hebu nionyeshe hilo jiko lako lilivyo."

"Jiko langu unalijua, mama."

"Nionyeshe tena!"

Wakabaki wawili barazani, na mito yao miwili.

"Mbona hukuniambia kuhusu chumba?" Bustamam akauliza.

"Mbona hukuniambia kuhusu chochote?" Nelis akavuta mkono wa ile blauzi pana. "Miezi yote hii nilidhani umenichoka. Nikaona mkasi umeondoka, nikaona kofia imeondoka. Nililia jikoni nikasingizia moshi. Nikasema nitampa chumba chetu cha zamani, nimtandikie, akiingia akione. Na kama ni kuondoka aondoke akijua nilikuwa namtaka."

"Nelis, tembe niliimeza. Haikufanya kitu."

"Lini?"

"Siku ya rendang. Niliimeza nikaenda kukaa kitandani kuingoja."

"Ukaingoja na nani?"

"Peke yangu."

Nelis akamtazama kama amemwona kwa mara ya kwanza. "Shibe ya rendang mpaka shingoni, halafu ukakaa peke yako? Ukitamani nini, ukuta?" Akacheka, na katikati ya kicheko kikageuka kilio, akakiacha kitoke. "Muuguzi kasema tembe haiamshi mtu asiyeguswa. Kasema isimezwe na mafuta mengi. Hayo tu, Uda. Hayo tu ungeniuliza, nami ningekupikia mchicha."

"Naogopa," Bustamam akasema. Lilimtoka neno lenyewe, jepesi, baada ya kulibeba muda wote ule. "Naogopa tujaribu yote na yote yashindwe."

"Yakishindwa tutalala. Mimi jogoo sikumtafuta, nilitafuta mgongo. Ulinihamishia mgongo wako ukutani, ndilo lililoniuma. Hayo mengine tutajaribu mpaka tuchoke, lakini tuchoke wawili."

Bustamam aliuweka mto chini. Aliuchukua mkono wa mkewe, mkono mgumu wa mfumaji, akauweka shavuni kwake, akalia wazi bila kujificha, na Nelis akamwacha alie.

Mama Kamsinar hakukubali warudi kimyakimya. Bwana arusi huchukuliwa, hatoroki, akasema. Akamweka Bustamam chini ya mwavuli, yeye akashika njia mbele na sinia lake. Rosmaini akafuata na mfuko wa plastiki wenye mkasi, kofia na viatu, akilalamika kwamba nyumba yake imekuwa bohari la watu. Furushi alilibeba Nelis mwenyewe, kichwani. Walipopita kwa yule jirani wa mpunga, akauliza nani anaolewa.

"Sutan Mudo!" Mama Kamsinar akajibu. "Kwani hujui bado ni kijana?"

Safari hii jina halikumchoma. Jioni mvua ilinyesha mapema, na kwenye chumba cha mwisho paji la uso la Nelis liliegemea mgongo wa mumewe, naye hakujivuta. Upande wa pili wa nyumba mama mkwe alifungua redio kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili. Nelis alivaa blauzi yake mwenyewe. Daktari Hendrizal akavuta kiti cha pili, akaonekana amefurahi, akaanza upya toka mwanzo: tembe, pampu, sindano, na ule upasuaji wa mwisho. Akaeleza kwamba huenda ikachukua muda, kwamba wasikate tamaa jaribio la kwanza likigoma. Kisha akawatazama kwa zamu.

"Haya," akasema. "Mngependa tuanze na ipi?"

Bustamam akamgeukia mkewe. Nelis aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale mezani mbele ya daktari, akaona haya kidogo, lakini hakuuondoa.

"Sisi tumeshaanza, daktari," akasema. "Wewe tuongezee tu."